Dawa za saratani zinagongana na nini? Kwa anayeuguza Mtwara na Lindi

Mgonjwa akirudi Mtwara kutoka Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ndugu waliokuja kumjulia hali huwa na swali moja: asile nini? Majibu hayakawii. Shangazi atasema asiguse sukari, eti ndiyo inayolisha saratani. Jirani ataongeza nyama nyekundu. Mwingine atakataza pweza na ngisi, mwingine mayai, mwingine chumvi. Haiishi wiki, mtu aliyekwisha kupungua kilo anabakiwa na uji mtupu na maji ya majani yaliyochemshwa.

Kuna swali jingine ambalo ni nadra kulisikia: anameza nini zaidi ya dawa alizopewa kule? Nimekaa upande wa ndani wa dirisha la dawa muda wa kutosha kuamini kwamba huku kwetu, hatari kubwa kwa mgonjwa wa saratani haitoki jikoni. Inatoka kwenye vidonge vya kawaida vya dukani ambavyo kila nyumba inavyo, na kwenye chupa ya mitishamba ambayo daktari haambiwi. Chakula nacho kina sehemu yake, tena kwa dawa chache sehemu hiyo ni kubwa mno. Ila huwezi kujua lipi ni la kuogopa na lipi ni la kupuuza mpaka ujue dawa inapita wapi mwilini.

Makato ya njiani

Kidonge kikimezwa huyeyuka tumboni, kikapenya ukuta wa utumbo mwembamba, damu ikakipeleka kwenye ini, ndipo kikasambazwa mwili mzima. Mwisho wa safari, mabaki hutolewa na figo kwa mkojo au na ini kupitia nyongo. Kwenye ukuta wa utumbo na ndani ya ini kuna vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja kemikali ngeni. Kimoja chao kinaitwa CYP3A4, nacho ndicho kinachoshughulikia sehemu kubwa ya dawa tunazotumia, zikiwemo nyingi za saratani.

Mkulima wa korosho ataelewa upesi. Unapeleka mzigo chama cha msingi, unapigwa mnada, lakini kinachoingia mkononi ni kile kilichobaki baada ya makato. Dawa nayo ina makato. Waliopanga kwamba umeze miligramu 400 kwa siku walijua kuwa sehemu yake itakatwa utumbini na kwenye ini, wakapiga hesabu ya kinachobaki. Sasa kikija kitu kikafuta makato hayo, dawa inazidi kwenye damu na kuwa sumu. Kikija kingine kikayaongeza, dawa inayofika ni kiduchu, saratani inaendelea na kazi yake, na mgonjwa anaamini anatibiwa. Huo ndio mwingiliano wa dawa kwa sehemu kubwa. Inabaki migongano ya aina mbili: kitu kinachozuia figo kuitoa dawa, na dawa mbili zenye madhara yanayofanana zinapoelemea kiungo kimoja.

Mfano unaojulikana zaidi wa kufutwa kwa makato ni balungi, na ulipatikana kwa bahati tu. Mwaka 1989 mtafiti David Bailey na wenzake, katika mji wa London ulioko jimbo la Ontario nchini Kanada, walitaka kujua kama pombe inaathiri dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini. Wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, ili anayekunywa asijue amepewa ipi. Dawa ikapanda kwenye damu kuliko walivyotarajia, hata kwa waliokunywa juisi isiyo na pombe. Baadaye ikabainika kwamba balungi lina kemikali za jamii ya furanokumarini, ambazo zinakiharibu kabisa kile kimeng'enya cha CYP3A4 kwenye ukuta wa utumbo. Kikishaharibika, mwili hauna budi kutengeneza kingine, na hilo huchukua siku moja hadi tatu.

Ndiyo maana haisaidii kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku. Anayetumia imatinibu au nilotinibu kwa saratani ya damu aina ya CML, au lapatinibu kwa saratani ya titi, aliache kabisa kwa muda wote wa matibabu. Danzi, lile chungwa chungu, liwekwe kundi moja na balungi. Machungwa matamu, maembe na mapapai yaendelee kuliwa. Na anayepata dripu ya sisplatini hana sababu ya kuliogopa balungi, kwa kuwa dawa yake inaingia moja kwa moja kwenye mshipa na wala haitegemei kimeng'enya hicho. Nasisitiza hili kwa sababu katazo la mgonjwa mmoja huenea hadi kwa wagonjwa wengine wa wodi nzima ambao haliwahusu.

Upande wa pili, makato kuongezeka, anayeongoza ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Inaliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi kuliko kawaida. Vipimo vimeonyesha kwamba mtu akimeza rifampisini pamoja na imatinibu, kiasi cha imatinibu kinachopatikana kwenye damu hushuka kwa asilimia 74. Kwa tamoksifeni hushuka kwa asilimia 86. Hizo namba zisikufanye utupe dawa za kifua kikuu. Kifua kikuu kinaua, na lazima kitibiwe hadi mwisho. Zinachokudai ni kuhakikisha kliniki ya kifua kikuu inajua habari za saratani, na wanaotibu saratani wanajua habari za kifua kikuu, ili wapange upya. Dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni zina tabia hiyohiyo. Efavirenzi, iliyokuwa ikitumika sana kwa watu wenye VVU, nayo huongeza makato. Dolutegraviri, iliyochukua nafasi yake kwa wengi, ina migongano michache zaidi, lakini bado itajwe. Jingine la kukumbuka: rifampisini ikisimamishwa, ini halirudi kawaida siku hiyohiyo. Huchukua kama wiki mbili.

Tamoksifeni, dawa inayosubiri ini

Tamoksifeni ni kidonge cha wanawake wengi wenye saratani ya titi, na humezwa kwa miaka mitano au zaidi. Tofauti na nyingine, hii inalihitaji ini liifanyie kazi. Kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 ndicho kinachoigeuza kuwa endoksifeni, yenye nguvu nyingi zaidi dhidi ya uvimbe. Kikizuiwa hicho, mama anameza kila siku bila kukosa, lakini endoksifeni anayoipata inaweza kuwa nusu, au chini ya hapo.

Vinavyokizuia vizuri kuliko vingine ni fluoksetini na paroksetini, dawa za sonona. Hapa ndipo linapouma, kwa maana mwanamke aliyekatwa titi, ambaye pengine mumewe amehamia kwingine, ana kila sababu ya kupata sonona, na anastahili kutibiwa. Zipo dawa za sonona zisizokigusa sana kimeng'enya hicho. Daktari akiambiwa, atachagua hizo. Asiache ghafla mwenyewe, maana kuacha ghafla nako kuna mateso yake.

Wengi huniuliza kuhusu manjano. Mwaka 2019 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliwapa wanawake wanaotumia tamoksifeni vidonge vya kiini cha manjano vikiwa vimeongezewa kiini cha pilipili manga. Endoksifeni kwenye damu ikapungua kwa kama asilimia 12. Lakini vile vilikuwa vidonge vyenye gramu kadhaa kwa siku. Manjano ya kwenye mchuzi wa samaki ni ncha ya kijiko iliyogawanywa kwa watu sita. Mchuzi uendelee kupikwa. Ila ule unga wa manjano unaouzwa kwenye makopo, wa kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni "kusafisha damu", uachwe. Kanuni hii inafaa kwa viungo vingi: kilichowekwa kwenye chungu kwa ladha ni chakula, kilichokaushwa, kikasagwa na kupimwa kwa kijiko ni dawa, na kihojiwe kama dawa.

Vidonge vya dukani

Mama mmoja alinifungulia fundo la kanga pale dirishani. Mlikuwa na karatasi ya tarehe ya kurudi Dar, imekunjwa hadi inataka kuchanika. Dawa ya kuzuia kutapika. Vidonge vyekundu vya kuongeza damu, vile vya FEFO, yaani madini ya chuma na foliki. Kipande cha pakiti kilichokatwa kwa mkasi, vidonge vinne vya rangi ya machungwa, jina limebaki kwenye kipande alichouziwa mwingine. Na chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye kimiminika cha rangi ya chai ya rangi. Alikuwa katikati ya matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi, mionzi pamoja na dripu ya sisplatini. Vile vinne vilikuwa diklofenaki. Kiuno kilikuwa kinamuuma na duka lilikuwa jirani.

Sisplatini inafanya kazi vizuri, lakini ni ngumu kwa figo. Ndiyo sababu kabla na baada ya kuipata mgonjwa huwekewa maji mengi ya mshipa, na huambiwa anywe maji nyumbani. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Zikikutana na sisplatini, figo linapigwa kutoka pande mbili. Jentamisini, sindano ambayo zahanati nyingi huipata kwa urahisi, inaumiza figo na masikio, na sisplatini nayo inaumiza figo na masikio. Mgonjwa asiyemwambia mganga wa zahanati kwamba yuko kwenye dripu za saratani anaweza kuchomwa jentamisini kwa nia njema kabisa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa hiyo jambo hili halihusu watu wawili watatu.

Maumivu je? Maumivu ya saratani yanatibika, tena kwa ngazi: parasetamoli, kisha dawa kali zaidi, hadi mofini ya kunywa pale inapohitajika. Mtu asivumilie, na asijitibu kwa diklofenaki. Aseme.

Methotreksati ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko zote. Hutumika kwa saratani zinazofuata mimba zabibu, kwa baadhi ya saratani za damu na nyinginezo. Inaua chembe za saratani kwa kuzinyima matumizi ya foliki, vitamini inayohitajika kila chembe inapogawanyika. Sasa Septrin, ile dawa ambayo watu huimeza kwa kikohozi, kwa kuhara, kwa mkojo kuuma, nayo inagusa njia hiyohiyo ya foliki, na juu ya hapo inazuia figo kuitoa methotreksati. Matokeo yake yanaweza kuwa uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, kusimama: chembe nyeupe zinaisha, chembe sahani zinazogandisha damu zinaisha, mdomo unajaa vidonda, mtu anaweza kufa. Dawa ya SP ni ya ukoo huohuo. Kama tiba ya malaria iliondolewa mstari wa mbele Tanzania Bara mwaka 2006 ilipokuja dawa mseto, ikabaki kwa kinga ya wajawazito, lakini bado wapo wanaoikimbilia wakisikia homa. Diklofenaki na ibuprofeni huichelewesha methotreksati kutoka mwilini. Amoksilini pia. Hata omeprazoli, ya vidonda vya tumbo, dozi ya methotreksati ikiwa kubwa.

Vidonge vya foliki vina sura mbili. Kwa anayetumia methotreksati, daktari anaweza kuvipanga kwa saa na siku maalumu ili kumwokoa na madhara, na nje ya mpango huo vikapunguza nguvu ya tiba. Kwa anayemeza kapesitabini, inayotumika kwa saratani za utumbo na titi, foliki hufanya kinyume: huongeza ukali wa dawa, kuhara na vidonda vya mdomoni vikazidi. Yule mama na FEFO zake hakuwa kwenye mojawapo ya dawa hizi. Angekuwa kwenye mojawapo, vidonge vya "kuongeza damu" vingekuwa kesi nyingine.

Kwa haraka na zilizobaki. Flagyl hupunguza kasi ya mwili kuondoa fluorourasili, dripu ya saratani za utumbo, hivyo madhara yake huzidi. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupandishwa nguvu na kapesitabini na tamoksifeni kiasi cha mtu kutokwa damu. Apimwe mara kwa mara. Eritromisini na dawa za fangasi za ukoo wa ketokonazoli hufuta makato ya vinkristini, dawa nyingine ya saratani, na mgonjwa anaishia na ganzi ya miguu na choo kilichofunga.

Homa ya siku ya kumi

Dripu nyingi hutolewa kila baada ya siku 21. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hushuka hadi chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Siku ya saba mgonjwa wa Tandahimba au Nachingwea hayuko tena kwa ndugu yake Mbagala. Amesharudi nyumbani, Dar iko zaidi ya kilomita 500 nyuma yake. Homa ikimpanda usiku, kila mtu ndani ya nyumba anajua jina lake: malaria. Anapewa parasetamoli, anatumwa kijana kwenye duka la dawa muhimu, inaletwa dawa mseto, watu wanalala.

Inaweza kweli kuwa malaria, maana mikoa yetu haijatoka huko. Inaweza pia kuwa bakteria wameingia kwenye damu isiyo na askari, na hapo muda unahesabika kwa saa. Kipimo cha haraka kikisoma malaria, hakijasema kwamba hakuna kingine. Huku kwetu mtu mzima anaweza kubeba vimelea na kinachomuumiza kikawa kitu tofauti. Kwa hiyo, aliyepata dripu ya saratani akifikisha nyuzi 38 aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na neno la kwanza kwa anayempokea liwe: yuko kwenye dripu za saratani, ya mwisho alipata tarehe fulani. Kabla ya kumpa parasetamoli, pima joto na uliandike. Parasetamoli haigombani sana na dawa za saratani, shida ni kwamba inaficha homa, na mgonjwa akafika kwa daktari akiwa baridi.

Malaria ikithibitishwa, itibiwe, isiogopwe kutibiwa. Dawa mseto ya ALu ina mgongano na dawa chache zinazobadilisha mapigo ya moyo, nilotinibu ikiwa mojawapo, kwa hiyo dawa zote zitajwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Kabla ya kula, baada ya kula

ALu inataka mafuta. Bila maziwa au mchuzi wa nazi haifyonzwi vizuri. Abirateroni, ya saratani ya tezi dume, ni kinyume chake kabisa. Imepangwa imezwe tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula, kisha kukaa saa moja bila kula. Ukiimeza na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia mwilini kinaweza kuwa mara kumi. Mzee aliyezoea kumeza dawa zake zote kwa pamoja na supu na chapati asubuhi hajui kwamba amezidisha dozi kwa kiwango ambacho asingethubutu kukifanya kwa kuhesabu vidonge. Nilotinibu nayo imezwe tumbo tupu, maana chakula huipandisha hadi ikahatarisha moyo.

Imatinibu inamezwa na chakula pamoja na bilauri kubwa ya maji, kwa sababu inauma tumbo. Kapesitabini ndani ya nusu saa baada ya kula, asubuhi na jioni.

Hapo Ramadhani inaingia. Kati ya futari na daku kuna kama saa kumi, na mgonjwa wa kapesitabini huona ameshapata suluhisho: kimoja magharibi, kingine alfajiri. Kwa kuangalia saa ni kweli zinakaribia kutosha. Tatizo ni mchana, kwa kuwa dawa hii huleta kuhara na kutapika, na mtu aliyeharisha mara nne hawezi kukaa bila maji hadi jua lizame. Mgonjwa ana ruhusa katika dini yake, imo ndani ya Qur'an yenyewe, sura ya Al-Baqara. Najua uzito wa kufungua wakati nyumba nzima imefunga. Nimewaona wazee wakitokwa machozi kwa hilo. Shekhe na daktari waulizwe wote wawili mapema, mwezi wa Shaabani, kabla mtu hajaanza kujipangia.

Kwa watoto wenye saratani ya damu wanaomeza merkaptopurini, kwa miaka mingi wazazi waliambiwa wasiichanganye na maziwa, kwa sababu maziwa yana kimeng'enya kinachoivunja. Tafiti za baadaye kwa watoto Marekani zikaonyesha kwamba kumeza na chakula au maziwa hakukuongeza kurudi kwa ugonjwa. Kuruka dozi ndiko kulikoongeza. Kwa hiyo, mtoto akigoma bila maziwa, zungumza na daktari wake, usiiruke dawa. Lakini alopurinoli, ya kushusha asidi ya yuriki, ni mgongano wa kweli kwa merkaptopurini: zikitumika pamoja, dozi ya merkaptopurini inashushwa hadi robo au theluthi.

Chupa ya rangi ya chai

Nilimuuliza yule mama ndani ya chupa mna nini. Akasema majani ya mstafeli, na mizizi ambayo hakuambiwa jina. Ocean Road hakusema kwa kuwa alihofia kugombezwa. Hofu hiyo tumeipanda sisi wahudumu. Mtu akifokewa mara moja kwa ajili ya mitishamba, haachi mitishamba, anaacha kusema.

Mstafeli umeua chembe za saratani kwenye vyombo vya maabara. Hata dawa ya kufulia inaziua humo. Kwa wagonjwa haujathibitika kutibu. Kinachojulikana ni kwamba katika kisiwa cha Guadeloupe, wanaokula na kunywa sana stafeli na jamaa zake walionekana kupata kwa wingi ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson. Stafeli moja kwa siku yake halina neno. Majani yaliyochemshwa na kunywewa kutwa mara tatu kwa miezi ni habari nyingine.

Mlonge kama mboga, na nazi na karanga, ni chakula kizuri kwa mtu aliyekonda. Unga wake uliokolea umeonyesha maabara kwamba unaweza kukizuia CYP3A4, na ingawa maabara si mwili wa mtu, sioni sababu ya kubahatisha katikati ya tiba. Kitunguu saumu na tangawizi viendelee kwenye chungu. Vikiwa katika vidonge au shoti za kila siku viachwe, hasa chembe sahani zikiwa chini au upasuaji ukiwa karibu, kwa kuwa damu inaweza kutoka kwa wingi. Na mwarobaini, ambao kila ua una mti wake, kosa lake kubwa kwa mgonjwa huyu ni kuchelewesha: homa ya siku ya kumi inanyweshewa mwarobaini siku mbili, na hizo siku mbili ndizo zilizokuwa zinahitajika.

Mizizi isiyo na jina ndiyo isiyo na jibu. Nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na baraza linalosajili waganga. Mganga aliyesajiliwa na anayejiheshimu atakutajia mti. Asiyetaka kuutaja, usimpe mgonjwa dawa yake.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, uraka unakuwa kila mahali, na mgonjwa naye anatamani kukaa na wenzake. Methotreksati na pombe vyote vinashambulia ini. Flagyl na pombe vinaweza kumtapisha vibaya. Gongo isitajwe kabisa. Anayemeza erlotinibu, ya saratani ya mapafu, ajue na sigara: moshi huongeza makato yake, dawa inafika pungufu.

Turudishe chakula mezani

Sukari ya kwenye chai hailishi saratani peke yake; kila chembe ya mwili inatumia sukari, na mwili usipoipata kwenye chakula huitengeneza kwa kuyeyusha misuli. Mgonjwa anayekonda huvumilia dripu kwa shida zaidi, dozi hupunguzwa, miadi husogezwa. Pweza, changu, dagaa, mayai, mbaazi, kunde, ming'oko, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, vyote vimo ndani, alimradi vimeiva vizuri na vimeliwa vya moto. Kachumbari na juisi za majani mabichi zisubiri siku ambazo chembe nyeupe zimepanda. Anayemeza warfarini asiache mboga za majani. Ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa kuwa vitamini K iliyomo ikibadilika ghafla, damu nayo hubadilika.

Kila safari ya hospitali, chukueni mfuko mmoja mtie kila kinachoingia mwilini mwa mgonjwa: vidonge, sindano alizochomwa, unga, chupa ya mizizi, hata dawa za presha za miaka yote. Dukani, omba ukatiwe pakiti upande wenye jina, au liandikwe juu ya bahasha. Mwambie muuzaji maneno haya kabla hajafungua kabati: ni ya mgonjwa wa saratani, anatumia dawa fulani. Akisita, usinunue siku hiyo. Huna haja ya kungoja tarehe ya Dar ili kuuliza. Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao na hospitali ya kanda pale Mitengo wote wana dirisha la dawa, na mfamasia aliye nyuma yake anaweza kuupitia mfuko wako kitu kimoja kimoja. Usiache wala kupunguza dawa ya saratani kwa sababu ya ulichosoma hapa. Kinachoondolewa kwanza, karibu mara zote, ni kile kingine.